Mabati Mapya na Seva ya Magarama

Wakulima zaidi ya mia mbili wa Mwakiro walipata ujumbe kwenye simu kwamba wamelipwa mahindi yao, na hakuna hata mmoja aliyelipwa.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, siku ya malipo ya ushirika. Ujumbe uliingia asubuhi, simu moja baada ya nyingine. Watu waliacha majembe shambani wakaenda kwa wakala sokoni. Wakala aliangalia simu ya kwanza, akaangalia ya pili, akasema hamna kitu humu. Walidhani yeye ndiye hana pesa siku hiyo. Akavuta droo akawaonyesha. Pesa alikuwa nazo. Wao ndio hawakuwa nazo.

Mtu wa kulaumiwa hakutafutwa mbali. Nazario ndiye aliyekuwa anapima mahindi ya ushirika. Mizani ilikuwa mkononi mwake, ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwake, na uzito wa mahindi ya kila mtu ulitumwa kwa simu yake. Watu hawakujua pesa zinapita wapi baada ya hapo. Walijua Nazario anatuma, na pesa zinakuja. Safari hii hazikuja. Na walipofika kwake kuuliza, walimkuta juu ya nyumba yake anapigilia mabati mapya.

Mabati yalinunuliwa na mwanawe Godfrey, aliyekuwa amekuja kutoka mjini Gitega kwa ruhusa ya siku chache. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo, kwa sababu vigae vya zamani vilikuwa vinavuja juu ya kitanda cha wazazi wake. Lakini bati haliandikwi jina la aliyelinunua. Lilikuwa linang'aa tu, na lilionekana tangu barabarani.

"Baba Godfrey, shuka," alisema Donatien. "Shingo inatuuma kukutazama."

Donatien alikuwa jirani wa kupakana shamba. Mwaka huo aliuza mahindi mengi kuliko mtu yeyote, na binti yake alikuwa amerudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Nazario alitema misumari kiganjani akashuka ngazi. Aliwaambia kwamba hata yeye ameandikiwa amelipwa na hana kitu. Akatoa simu awaonyeshe. Hakuna aliyeinama kuisoma.

"We unapima, we unatuma, we unaezeka," Donatien alisema. "Sisi kazi yetu iko kusoma message tu. Bon. Kila mutu na kazi yake."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilimuumiza Nazario kuliko matusi. Mwanamke mmoja nyuma alisema hawa waliokaa ukimbizini Tanzania walirudi na mikono mitupu na mdomo uliojaa Kiswahili kizuri, na sasa wameanza kujaza mikono. Anisia, mke wa Nazario, alikuwa mlangoni na unga kwenye vidole. Alimfahamu mwanamke huyo. Walikuwa wanapalilia pamoja kila msimu.

Kabla ya kuondoka Donatien alichukua ufunguo wa ghala. Hakuunyakua. Alinyoosha mkono tu akangoja mpaka ukawekwa.

"Jumamosi mukutano mbele ya ghala," alisema. "Siku hiyo tutaona kimoja: faranga ao mwizi."

*

Godfrey alikwenda nyuma ya nyumba akapiga simu Gitega. Watu wa kilimani, yaani kijijini kwao, walijua kijana wa Nazario anafanya kazi za kompyuta mjini. Wasichojua ni kwamba mashine inayotuma pesa za ushirika wao ilikuwa yake kuitunza. Ilikuwa katika ofisi ya vyumba viwili huko Magarama, juu ya duka la rangi, na mwenye ofisi aliitwa Olivier.

Olivier alikuwa na furaha. Alisema malipo yametoka yote, kwenye skrini ni kijani tupu, payé, payé, payé, yaani imelipwa, mpaka chini. Akaongeza kwamba Jumatano umeme ulikatika ukarudi, lakini mashine ilijiwasha yenyewe. "Yenyewe, petit. Sikukusumbua hata."

Godfrey alikaa juu ya rundo la vigae vilivyoshushwa. Alikuwa ameelewa.

Seva ile ilikuwa na programu iliyoandikwa kwa Java. Programu ilijua kazi yote: kupokea uzito, kupiga hesabu, kuagiza malipo, kuandika ujumbe. Lakini kulikuwa na mambo matatu ambayo haikuzaliwa nayo na ilibidi iambiwe kila inapowaka: anwani ya mahali pa kupeleka maagizo ya malipo, namba ya akaunti ya ushirika, na neno la siri la kufungulia akaunti hiyo. Hiyo ndiyo mipangilio ya kila ushirika. Programu moja inaweza kutumika Mwakiro au kwingine. Mipangilio ndiyo inayosema inamtumikia nani.

Mipangilio hiyo Godfrey hakuiandika popote. Ilikuwa kichwani mwake. Kila mashine ilipowaka, alikuwa anaizima programu, anaiwasha tena kwa mkono, na kuyaandika yale mambo matatu katika mstari wa amri, kama mtu anayemnong'oneza mtumishi maagizo ya siku. Ndani ya programu yenyewe aliacha maneno ya kujaribia, yale aliyotumia zamani alipokuwa anaijenga: anwani ya mahali pa majaribio, ambapo ukiomba chochote unajibiwa ndiyo, imefanyika, na hakuna senti inayotembea.

Jumatano mashine iliwaka na yeye hayupo. Programu haikuambiwa kitu. Ikachukua maneno iliyoyakuta ndani yake. Alhamisi ikaomba malipo ya wakulima wote mahali pa majaribio, ikajibiwa ndiyo kwa kila mmoja, na kwa uaminifu wote ikawaandikia kwamba wamelipwa.

Aliwaeleza wazazi wake jikoni, mlango umefungwa. Anisia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni mtoto umemtuma dukani bila kumwambia duka gani," alisema. "Akaenda kwa watoto wenzake wanaocheza duka, wakampa mchanga, akaja akasema nimenunua."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Sasa kwa nini hukumwandikia akabaki nayo? Umesoma wewe."

Nazario ndiye aliyejua jibu, na alikuwa anatazama moto. Huko kambini Kigoma, ambako Godfrey alizaliwa, nyumba za majani zilikuwa zinaungua, na aliyeacha kadi ya chakula ndani alikuwa anakosa posho mpaka aandikishwe upya. Nazario alilala na kadi zake kiunoni miaka yote ya ukimbizi. Aliwafundisha watoto hivyohivyo: usiache kitu cha maana mahali ambapo mwili wako haupo. Alimfundisha Godfrey kwa maneno, na mara mbili kwa fimbo. Kijana alikwenda mjini, akapewa kitu cha maana kuliko vyote alivyowahi kushika, akakibeba mwilini kama alivyolelewa. Kulikuwa na sababu ya pili pia, na Godfrey aliitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Mjini hakuwa na ndugu wala mtu wa kumsemea. Alifikiri akiwa na maneno yale peke yake, hawataweza kumfukuza.

Anisia alitaka aondoke kimyakimya, atengeneze kwanza, yasemwe baadaye. Kesho yake Godfrey alishika begi akasimama barabarani. Petroli ilikuwa imekosekana wiki nzima na magari yalikuwa machache. Alisimama mpaka mchana. Waliokuwa wanapita walimwona, wakamwona na begi, na kabla gari halijapatikana Donatien alikuja na vijana wawili. Hawakumgusa. Walichukua begi, wakamwambia safari ni baada ya mkutano.

Jioni Anisia alikwenda kuteka maji. Wanawake waliokuwa bombani walimpisha ateke wa kwanza, wote kwa pamoja, bila neno, jinsi mtu anavyopishwa akiwa na ugonjwa. Alijaza dumu nusu akarudi.

*

Jumamosi walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye mkutano wa mbegu. Nazario alikuwa amewaza usiku mzima na hakumwambia mtu alichoamua. Mwenyekiti alipotaka kuanza na sala, Nazario aliomba aseme kabla ya sala, kwa sababu alichotaka kusema hakikumfaa mtu aliyetoka kusali sasa hivi.

"Mashine inayotuma pesa zenu iko Gitega," alisema. "Anayeitunza ni huyu, mtoto wangu. Pesa hazijaibwa. Ziko kwenye akaunti ya ushirika, hazijatoka. Lakini zimekwama kwa kosa lake, na kosa hilo nilimfundisha mimi. Mngesikia kwa mtu mwingine mngesema nimeficha. Kwa hiyo nawaambia mimi."

Godfrey alikuwa ametazama chini.

"Ahaa," alisema Donatien taratibu. "Kumbe iko nyumba moja. Baba kwenye mizani, mutoto kwenye mashine. Na maman?"

"Maman anapika," alisema Anisia.

Safari hii wachache walicheka, na hawakuwa upande wa Donatien. Yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye binti nyumbani aliyepaswa kuwa shule, na alikuwa amesema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema. Godfrey alijaribu kueleza ile habari ya mipangilio na anwani ya majaribio. Waliposikia neno majaribio walipandisha sauti. Walitaka kujua nani aliwaruhusu kujaribiwa. Mzee mmoja aliuliza, kama mashine haijui ukweli, kwa nini isinyamaze? Swali hilo Godfrey aliondoka nalo.

Wengi walitaka abaki kilimani mpaka pesa zifike. Godfrey aliwaambia akibaki hazitafika. Hata akisema maneno ya siri kwa simu haitoshi, kwa sababu mashine inaamini imekwisha kulipa. Ikisukumwa vibaya italipa mara mbili na pesa za wengine ziishe katikati. Inataka mikono yake. Donatien alisema sawa, mikono iende na kitu kibaki. Aliulizwa kitu gani. Akanyoosha kidole kwenye bati lililokuwa linang'aa juu ya mteremko.

"Yachukueni," alisema Nazario.

Waliyashusha siku hiyohiyo. Nazario aliomba ayang'oe mwenyewe kwa utaratibu, msumari kwa msumari, lakini vijana walikuwa wameshapanda na majembe. Mabati kadhaa yalipinda. Anisia alitoa godoro na gunia la mbegu akaviweka chini ya kipande cha paa ambacho bado kilikuwa na vigae. Hakumlaani mtu. Alimwomba tu kijana mmoja asikanyage mgomba wake anaposhuka, na kijana akasema pole mama.

Swali likawa mabati yakae wapi, maana Nazario hakutaka yalale kwa Donatien, wala Donatien hakutaka kusemwa. Hapo ndipo Pétronille alipotoka mlangoni mwa duka lake. Alikuwa Mkongomani wa kutoka Uvira, mjane, mnunuzi wa maharage, na duka lake la chumvi na sabuni lilikuwa limepakana na ghala. Hakuwa mwanachama wa ushirika. Alikuwa amesikia mkutano wote akiwa anapepeta maharage.

"Mabati munipe mimi," alisema. "Na huyu mutoto, lori yangu iko naenda Gitega leo na maharage. Atakaa mbele na chauffeur. Mafuta nilitafuta tangu lundi, ile Jumatatu, siwezi kupoteza kiti."

Donatien alimuuliza kama anajua anachokifanya.

"Papa Donatien, écoute. Mi nilifika hapa sijui mutu. Nikaanza kununua maharage, kila kilima walinipimia na mawe chini ya gunia. Huyu Nazario ananipimia miaka yote, hajaniibia hata kilo moja. Mi iko najua mwizi. Nililala nao kwenye mupaka." Akawageukia wanawake. "Bon. Mwenye nyumba haina chumvi, akuje na ile message ya kulipwa. Nitamupa chumvi, mafuta, sabuni, ya wiki moja. Ile message mnasema ni bongo, ni uongo, mi naiamini."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitazamana, halafu mwanamke yuleyule aliyesema habari ya Kiswahili kizuri akawa wa kwanza kuingia dukani na simu mkononi. Nazario aliinama akabeba bati la kwanza kulipeleka dukani mwenyewe.

*

Lori lilipita njia ya Karuzi. Dereva hakuwa msemaji, na Godfrey alishukuru kwa hilo. Walilala njiani kwa sababu tairi lilipasuka, wakaingia Gitega Jumapili watu wanatoka misa. Hakupita Yoba, alikokuwa amepanga chumba. Alishuka Magarama na vumbi la maharage kichwani, akapanda ngazi za duka la rangi.

Olivier alikuwa amekuja ofisini na viatu vya kanisani. Tangu Alhamisi alikuwa amepata simu za mwenyekiti wa ushirika mpaka akazima. Alikuwa mtu wa kelele, lakini Godfrey alipomaliza kumweleza yote, aliongea kwa sauti ya chini.

"Donc maneno yote matatu iko kichwani kwako."

"Ndiyo, patron."

"Na kama lori ingeanguka Karuzi, ningeuliza nani? Ningeenda morgue na micro, nihoji maiti?"

Godfrey alisema alikuwa ameogopa kufukuzwa. Alisema wazi, kwa kuwa baada ya baba yake kusema mbele ya kilima kizima, yeye hakuona pa kujificha.

"Ulifanya ile ili nisikufukuze," alisema Olivier. "Sasa nimepata sababu ya kukufukuza, na siwezi, juu maneno iko kwako. C'est bien joué, umecheza vizuri." Akavuta kiti. "Kaa. Nifundishe. Ukimaliza ndio nitaamua."

Godfrey alikaa. Kwanza alizima programu, isije ikamdanganya mtu mwingine. Halafu alifungua faili tupu ndani ya seva, nje ya programu yenyewe, mahali ambapo seva inapita kila inapoamka. Akaandika mistari mitatu, kila mstari jina la jambo upande huu na thamani yake upande ule. Mkono ulimzuia kidogo kwenye neno la siri. Alikuwa hajawahi kuliandika likabaki. Aliliandika. Akaifunga faili hiyo isisomwe na mtu mwingine yeyote isipokuwa seva, halafu akamwambia Olivier maneno yale yote matatu kwa mdomo, na Olivier akayarudia mpaka yakakaa.

Kisha akaifundisha seva kuisoma faili hiyo inapowaka na kuyatia yaliyomo ndani ya programu kabla haijaanza kazi yoyote. Sasa umeme ukatike, urudi, Godfrey awe Mwakiro au awe kaburini, programu itaamka inajua inamtumikia nani.

Olivier alidhani imekwisha. Godfrey alisema bado, kuna mzee mmoja aliuliza swali. Alirudi ndani ya programu akatafuta yale maneno ya kujaribia, anwani ya ndiyo-ndiyo, akayafuta. Mahali pake hakuweka kitu. Akaandika kwamba ikikosa jambo lolote kati ya yale matatu, isibahatishe, isiwake, iseme imekosa nini na inyamaze. Ili kuhakikisha, aliitoa faili mahali pake akabonyeza. Mstari mwekundu ukatokea kwenye skrini: sikupewa anwani ya malipo, siwezi kuanza. Na programu ikazimika.

"Imekataa," alisema Olivier.

"Imekataa, patron."

"Hii ndiyo ningetaka kuona Alhamisi," alisema Olivier, akavua koti la kanisani akaagiza chai na mandazi ya watu wawili.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya mkono. Jina kwa jina walilinganisha malipo ambayo mashine iliamini imelipa na mwenendo wa akaunti ya ushirika, kuhakikisha hakuna hata mmoja aliyelipwa kweli. Hakuwepo. Olivier alikuwa anasoma, Godfrey anafuta alama ya kijani. Waliimaliza Jumatatu asubuhi. Godfrey hakutaka kuagiza malipo yote kwa mkupuo. Alisema atume moja kwanza. Olivier alidhani atatuma ya baba yake, maana Nazario naye alikuwa na mahindi yake humo.

Alituma ya Donatien.

*

Donatien alikuwa anapalilia maharage simu ilipolia. Alisoma akairudisha mfukoni. Alipalilia mstari mzima. Halafu akaegesha jembe akaenda kwa wakala bila haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana ameamini. Wakala alimhesabia noti juu ya meza. Donatien alizihesabu tena, akatoka, akasimama mlangoni mbele ya watu waliokuwa wanamtazama.

"Imekuja," alisema.

Kabla ya saa sita zilikuwa zimekuja za wote. Waliochukua chumvi na sabuni walipitia kwa Pétronille kulipa. Alikuwa ameweka akilini nani alichukua nini, na wawili tu walijaribu kumpunja, akawakumbusha kwa utani mpaka wakalipa wakicheka. Mabati alisema yarudi kwa miguu ya walioyaleta. Vijana waliyabeba. Nazario aliyapokea moja moja akawaambia asante, na kila mmoja aliitikia akiwa anaangalia pembeni.

Yeye na Anisia walikwenda dukani na jogoo. Pétronille alikataa, akasema jogoo atamchafulia maharage. Anisia alimwachia jogoo mlangoni akaondoka, na Pétronille akacheka peke yake ndani. Nazario alibaki amesimama. Alikuwa ameandaa maneno njiani na alikuwa ameyasahau.

"Mama Pétronille," alisema, "ulituamini siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama nijiamini."

"Enda uezeke, papa," alisema. "Mvua iko nakuja."

Kanisani Jumapili iliyofuata Anisia alitoa shukrani mbele ya watu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Pétronille kwa jina, akamshukuru Olivier wa Gitega ambaye hakuwahi kumwona, kwa kuwa alikubali kufundishwa na mtoto wake badala ya kumfukuza. Akawashukuru na watu wa kilima kwamba walichukua bati na hawakuchukua damu. Yule mwanamke wa kupalilia naye alikuwa kwenye benchi la mbele. Baada ya misa alimshika Anisia mkono na hakuachia mpaka walipofika njia panda.

Mkutano wa ushirika ulikaa tena. Ulisema Nazario hakuiba, na hilo likasemwa kwa sauti ili kila mtu asikie. Ulisema pia kwamba mizani na mashine visikae tena katika nyumba moja. Hata Nazario aliona ni haki, akainua mkono pamoja na wengine. Mizani ikapewa Donatien.

Gharama ya kosa lile ilikuwa hii. Mabati sita yalipinda, na manne kati yake hayakufaa tena kuezeka. Mvua ilinyesha Jumapili usiku kabla paa halijarudi, na gunia la mbegu likaota likiwa limefungwa. Godfrey alikatwa nusu ya mshahara wa miezi miwili, kulipia ujumbe wote uliotumwa bure na ule wa kuomba radhi uliotumwa baadaye. Nazario alipoteza kazi ya kupima aliyoifanya tangu ghala lijengwe, pamoja na posho yake. Binti wa Donatien alikosa mitihani ya katikati ya muhula, na hiyo hakuna aliyeweza kuilipa. Jogoo mmoja. Anisia alipohesabiwa yote hayo, alisema wamelipishwa kidogo.